Nani kasema hakuna kitu? Hotuba yangu kwa jumuiya, kuhusu barabara namba 50 ya Nevada

(Kwa wale mliokosa Jumamosi kwa sababu ya shifti, hii ndio hotuba nzima, nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Picha za ukutani nimeziacha, hata waliokuwepo hawakuziona vizuri maana projekta ilikuwa inagoma.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyie wazee wangu mliokaa hapo mbele, shikamooni.

Mwenyekiti kanipa muda mfupi na kaniambia niongelee kupumzika. Sasa mimi dereva wa lori, kupumzika nakujua kwa sheria tu, saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14, halafu saa 10 umezima injini, na kile kimashine cha kwenye dashibodi kinahesabu kila dakika, ukizidisha kinakuchongea. Hiyo sio kupumzika jamani, hiyo ni kusubiri zamu inayofuata. Kwa hiyo habari ya kulala leo sitaigusa. Nataka niwaambie kuhusu barabara moja, namba 50, inayokatiza katikati ya jimbo la Nevada, na nina ombi moja tu kwenu: kabla hujahama hapa Salt Lake, Utah, kuwafuata ndugu zako Texas au Ohio, ipite ile barabara bila mzigo, taratibu, na watu wako ndani ya gari.

Wangapi humu ndani wameshavuka Nevada? Nyosheni mikono. Ee, naona nusu ya ukumbi. Haya, wangapi kati yenu waliwahi kusimama huko kwa sababu nyingine, ukiacha mafuta, choo na kulala? Naona mikono mitatu, na mmoja wao namjua, alisimamishwa na askari wa spidi. (vicheko)

Ndio shida yetu hiyo. Sisi tunaijua ile barabara kuu ya I-80 basi. Wendover, Elko, Winnemucca, Reno, maili 500 na kitu, umefunga krusi, spika inapiga mahubiri au bongofleva kutegemea jana yake ulilalaje, na ukifika ng'ambo mtu akikuuliza Nevada kukoje unamjibu nini? "Ah, hakuna kitu kule." Si ndio tunavyojibu? Hakuna kitu.

Sasa nani kasema hakuna kitu?

Mwaka 1986, mwezi wa saba, jarida la Life la hapa Marekani liliiandika hii barabara ya 50 kuwa ndio barabara ya upweke kuliko zote Amerika. Wakamnukuu mtu wa chama cha wenye magari, akasema kule kutupu kabisa, hakuna cha kuangalia, na wanawaonya madereva wasiende isipokuwa wana uhakika wanajua kujiokoa porini. Aliongea hivyo, sio kwa utani. Na wenyeji wa vile vimiji walifanya nini? Walilia? Waliandika barua ya malalamiko? Hapana bwana, walichapisha kitabu kidogo cha kugongewa mihuri, ukipita kila mji unagongewa, Ely, Eureka, Austin, Fallon, ukimaliza unapewa cheti kwamba umenusurika. Tusi wakalifanya biashara! Mpaka leo kitabu kipo, mimi ninacho, watoto wangu walikuwa wanagombania nani ashike.

Lakini subirini, utamu wenyewe huu hapa. Julai 1986 mtu anasema hakuna kitu. Oktoba mwaka huohuo, 1986, miezi mitatu tu baadaye, serikali ya Marekani inatangaza hifadhi ya taifa pembeni ya barabara hiyohiyo, Great Basin National Park. Ina mlima Wheeler Peak wenye mita 3,982, ina mapango ya chokaa ambayo ndani ni nyuzi 10 mwaka mzima, kiangazi kwa masika, na ina miti yenye umri wa maelfu ya miaka. Hicho ndicho "hakuna kitu" chao.

Nirudi nyuma kidogo maana naona kina mama wa Kivu wananiangalia kwamba huyu anatupeleka jangwani tukafe na joto. Joto lipi? Hili jangwa liko juu. Nairobi iko mita 1,800 hivi, si ndio? Austin, Eureka na Ely, hiyo miji ya barabara ya 50, yote iko juu ya mita 1,900. Watu wa Njombe mnanielewa. Mchana Septemba unavaa fulana, ikifika saa mbili usiku unatafuta jaketi na blanketi juu yake. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kondoa, na safari hii ndio tulimpeleka yeye, alitoka nje ya moteli alfajiri akakuta kioo cha gari kimeganda, akarudi ndani akaniambia, "Baba, mlisema jangwa."

Na ngoja niseme jambo kuhusu kusafiri na mama mkwe, wazee mtanisamehe. Kwetu mkwe na mkwe hawakai karibu hivyo, mkwe unamsalimia kwa heshima, unapisha njia. Sasa mweke ndani ya Sienna siku nzima, yeye kiti cha kati, mimi usukani, mke wangu katikati ya amani na vita. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa anajibu "ndiyo mama", "hapana baba", basi. Ni ile barabara iliyotufungulia midomo. Netiweki hakuna, redio inakwaruza, mbele yako unaona barabara imenyooka bondeni maili kumi na zaidi bila gari hata moja, utafanya nini? Utaongea tu.

Na mama mkwe ndiye aliyeielewa ile nchi kabla yangu, mimi ambaye nimeizunguka na trela. Tumetoka Delta, Utah, tunakwenda magharibi, tunapita ziwa limekauka, jeupe tupu mpaka upeo wa macho, Sevier Lake, akauliza, "Maji ya huku yanakwenda wapi?" Nikamwambia hayaendi popote mama. Na ni kweli. Hiyo ndio maana ya Great Basin, eneo lote hilo, zaidi ya kilomita za mraba nusu milioni, hakuna mto wake hata mmoja unaofika baharini. Mto Humboldt, huo mnaoufuata kila wiki kwenye I-80 bila kujua, unatiririka mamia ya maili halafu unaishia kwenye tope la chumvi, unakaukia palepale. Hata hili ziwa letu hapa mjini lina chumvi kwa sababu hiyohiyo, maji yanaingia, hayatoki, jua linayanyonya, chumvi inabaki. Mama mkwe akafikiri kidogo akasema, "Kumbe ni Bubu." Mto Bubu, kwa wasiojua, unapita kule Kondoa unaishia kwenye madimbwi ya Bahi, na wenyewe hauoni bahari. Mtu amemaliza jiografia ya nusu ya magharibi ya Marekani kwa maneno matatu.

Na kwa nini pakavu? Mawingu yanatoka bahari ya Pasifiki yamebeba maji, yanakutana na milima ya Sierra Nevada kule California, yanalazimika kupanda, yakipanda yanapoa, yakipoa yanamwaga mvua na theluji upande ule, yanavuka huku yakiwa yameshakamuliwa. Nevada ndio jimbo kavu kuliko yote hapa nchini. Halafu ardhi yenyewe imekunjika, milima na mabonde, milima na mabonde, ile jimbo ina safu za milima zaidi ya 300, kwa hiyo ukiwa kwenye barabara ya 50 unapanda mlima, unashuka bonde, unanyoosha, unapanda tena, kutwa nzima. Mwanzoni unaona ni kitu kilekile. Ukipunguza mwendo unaona bonde hili lina chumvi, lile lina ng'ombe, lile lina swala wa huku wanaitwa pronghorn, mnyama mwenye mbio kuliko wote bara hili. Ukipita kwa spidi 80 huoni, narudia, ukipita kwa spidi 80 huoni.

Nije kwenye miti sasa. Ndani ya hifadhi kuna barabara inapanda mpaka kama mita 3,000 hivi, ukishaegesha unatembea maili tatu kwenda na kurudi unafika kwenye miti inaitwa bristlecone. Mifupi, imepinda, nusu imekufa nusu ina majani, inaota kwenye mawe matupu mahali ambapo hata nyasi zinakataa. Na maajabu yake ni kwamba ile inayoota kwenye udongo mzuri chini kidogo inakua haraka na kufa mapema, ile ya kwenye mawe na upepo inakua kwa tabu sana, mbao zake zinakuwa ngumu, wadudu wanashindwa, kuoza inakataa, inafika miaka elfu tatu, elfu nne.

Mwaka 1964, kabla hapajawa hifadhi, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, Donald Currey, alikuwa anachunguza historia ya barafu na hali ya hewa kwa kuhesabu pete za ndani ya miti. Akaomba ruhusa ya kukata mti mmoja. Watu wa idara ya misitu wakampa. Ukakatwa, akakaa kuhesabu pete, moja, mbili, mia, elfu, akafika 4,844. Alikuwa amekata mti mkongwe kuliko mti wowote uliojulikana duniani siku hiyo. Ulipewa jina Prometheus.

Niliwahadithia hii tukiwa tumekaa kwenye jiwe tunakula chapati za asubuhi, kimya, halafu mama mkwe akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza, "Aliyetoa ruhusa, alikuwa ameshapanda huku kuuona?" Sina jibu la kumpa mpaka leo. Ila nawauliza nyie, ofisi ngapi zimewahi kuamua jambo lenu bila kuwaona? Wote hapa tuna faili mahali fulani, si ndio? Naona vichwa vinatikisika.

Haya, tuongee kuhusu kwenda taratibu. Maana naona vijana mmeshaanza kupiga hesabu, Salt Lake mpaka Fallon ni siku moja, unamaliza, unapiga picha, unarudi kazini Jumatatu. Unaweza. Lakini utakuwa umefanya dilivari tu.

Kule kuna sehemu inaitwa Cold Springs, pembeni kabisa ya barabara, kuna magofu ya mawe. Kilikuwa kituo cha Pony Express. Hawa walikuwa wapeleka barua kwa farasi, kutoka Missouri mpaka Sacramento, California, maili 1,900 na zaidi, siku kama kumi. Mpanda farasi anakimbia, anafika kituoni, anabadilisha farasi, anatupa mfuko wa barua kwenye farasi mpya, anaondoka, akichoka anampokeza mwenzake. Madereva wa timu hapa mnaijua hii kazi vizuri. Kuna mmoja aliitwa Robert Haslam, mwaka 1860 wakati kuna vita kati ya wazungu na Wapaiute, wenyeji wa asili wa kule, alifika kwa mwenzake wa kupokezana, mwenzake akagoma kwa hofu, Haslam akaendelea mwenyewe, akapeleka, akageuza akarudi, jumla kama maili 380 juu ya farasi. Aliporudi kupita Cold Springs akakuta mlinzi wa kituo ameuawa na farasi wamechukuliwa. Kimashine cha kuhesabu masaa hakikuwepo enzi hizo, angepigwa faini ya maisha.

Na unajua ile kampuni ya farasi ilidumu muda gani? Miezi 18. Ilianza Aprili 1860, Oktoba 1861 waya wa simu ya maandishi ukaunganishwa kutoka mashariki mpaka magharibi, kwisha kazi. Haraka yote ile, farasi wote wale, kijana wa watu anavuka jangwa usiku na mishale inapita, halafu waya mmoja tu. Madereva wenzangu, tunasikia kila siku habari za malori yasiyo na dereva. Sisemi kitu. Nawaambia tu mkasimame pale Cold Springs muangalie zile kuta.

Sasa Austin. Ely na Eureka nitazipita haraka, Ely ina reli ya zamani ya kubebea shaba ambayo watoto wataipenda sana, Eureka ina ukumbi wa muziki wa mwaka 1880 unatumika mpaka leo, na ina kahawa mbaya. Lakini Austin, Austin mkae hata usiku mmoja. Mji umeng'ang'ania kwenye mteremko wa mlima, walipata fedha mwaka 1862, yaani madini ya fedha, watu maelfu wakamiminika, fedha ikaisha, watu wakaondoka, waliobaki ni wachache sana, na makanisa ya matofali bado yamesimama pale.

Mwaka 1864 palikuwa na uchaguzi wa meya. Muuza duka mmoja, Reuel Gridley, akawekeana dau na mpinzani wake, mtu wao akishindwa, aliyeshindwa atabeba gunia la unga la pauni 50 mgongoni kupita mji mzima mbele ya watu. Gridley akashindwa. Na akabeba! Bendi inapiga, bendera kwenye gunia, watoto nyuma, mji mzima umetoka. Alipofika mwisho wakawa wanajiuliza, huu unga sasa tuufanyeje? Wakati huo Marekani iko kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, majeruhi ni wengi, kuna mfuko wa kuwasaidia askari waliojeruhiwa. Gridley akasema tuupige mnada. Aliyenunua akalipa hela, halafu akasema, unga siuchukui, uuzeni tena. Akanunua mwingine, naye akarudisha. Mwingine tena. Gunia moja likauzwa mchana kutwa.

Mnacheka nini? (vicheko) Mnacheka kwa sababu mnaijua hii! Si ndio mnada wetu wa kanisani baada ya ibada? Jogoo mmoja ananunuliwa na mzee wa kanisa, anarudishwa, ananunuliwa na kwaya, anarudishwa, anafika kwa mchungaji ameshajenga nusu ya paa. Na ndugu zetu Wakenya na harambee zao vilevile. Mimi nilikuwa nadhani ni yetu sisi peke yetu. Kumbe wachimba madini wa Nevada walifanya hivyo hivyo mwaka 1864, na hawakuishia pale, Gridley alilibeba lile gunia akazunguka nalo Virginia City, Sacramento, San Francisco, mpaka mashariki, analiuza analirudisha, na inasemekana jumla ilifika zaidi ya dola 250,000, za enzi zile! Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1870 hana kitu. Duka lake la mawe bado liko pale Austin, na gunia lenyewe liko kwenye makumbusho Reno.

Mke wangu alipoisikia akasema sisi kwenye kikundi chetu cha kusaidiana tuanze kufanya mnada wa hivyo kwenye misiba, tuache kusumbuana kwa meseji. Naliacha hapo, wenye kikundi mnajijua.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya nikubali kusimama hapa leo. Nimesema nani kasema hakuna kitu. Niseme na hili, nani kasema hakuna mtu?

Ile nchi ina wenyewe. Washoshone wa magharibi wamekaa kule tangu zamani sana, kabla ya jarida, kabla ya farasi wa barua, kabla ya fedha ya Austin. Kwenye vilima kuna misonobari mifupi inaitwa pinyon, vuli inatoa mbegu tamu zenye mafuta, na hiyo ndiyo ilikuwa akiba yao ya chakula cha majira ya baridi. Wachimba madini walipokuja waliikata kwa wingi kuchoma mkaa wa kuyeyushia madini, ukipita karibu na Ely utaona matanuri sita ya mkaa ya mwaka 1876, makubwa, mazuri, watu wanapiga selfi. Mimi pia nilipiga. Lakini jiulize, huo mkaa ulikuwa chakula cha nani?

Mwaka 1863, pale Ruby Valley, kaskazini kidogo ya barabara ya 50, Washoshone walitia saini mkataba na serikali ya Marekani. Mkataba wa amani. Walikubali barabara ipite, waya upite, reli ipite, watu wachimbe madini. Ardhi hawakuiuza. Nasema tena, hawakuiuza. Miaka ikapita, ardhi ikawa ya serikali kimyakimya. Mwaka 1979 ikatolewa fidia ya dola milioni 26. Washoshone wengi wakafanya nini? Wakakataa kuchukua. Serikali ikaweka hela kwenye akaunti yake yenyewe, na mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kuwa hela imeshawekwa, basi mmeshalipwa. Yaani nakuwekea hela kwenye mfuko wangu mimi, halafu nakwambia nimekulipa! (minong'ono) Mpaka mwaka 2004 Bunge linapitisha sheria ya kuzigawa, zimezaa zimefika zaidi ya milioni 145, na bado kuna waliosema hatutaki, tunataka ardhi.

Kulikuwa na dada wawili, Mary na Carrie Dann, wafugaji, bibi kabisa, waliendelea kulisha ng'ombe na farasi wao kwenye ardhi ya babu zao bila kulipa ada ya malisho, wakasema huwezi kumlipa ada mtu kwa kitu chako. Wakapelekwa mahakamani, wakashindwa, mifugo ikakamatwa, wakaenda mpaka tume ya haki za binadamu ya nchi za Amerika, na mwaka 2002 ile tume ikasema Marekani haikuwatendea haki. Mary alifariki 2005, Carrie 2021.

Ndugu zangu, humu ndani kuna watu walitoka kwenye ardhi zao Kivu, wengine Burundi mara mbili, wengine tunajua vizuri sana maana ya kukaa kwenye meza ukaambiwa saini hapa halafu baadaye ukute karatasi inasema jingine. Na leo tumekuja, tumepewa makaratasi, tunaendesha malori juu ya ile ardhi. Sisemi tujione na hatia, hatukuichukua sisi. Nasema tusiwe watu wa kurudia yale maneno ya "hakuna kitu, hakuna mtu", maana hayo maneno wengi wetu tumeshayasikia yakisemwa juu ya kwetu, na tuliona yaliyofuata.

(makofi)

Usiku ule Austin hatukulala mapema. Tulitoka nje ya mji kidogo, giza totoro, na zile nyota jamani. Mama mkwe alisimama anatafuta Kilimia, kile kikundi cha nyota, kakiona kinapanda mashariki, akawaambia wajukuu zake ule usemi wa zamani, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ule msalaba wa kusini alioutafuta hakuupata, huku tuko kaskazini sana hauonekani. Mwanangu mkubwa, ambaye kwa kawaida humtoi kwenye simu, aliuliza maswali mpaka tukachoka.

Basi mwenyekiti ananionyesha saa, nijibu maswali haraka maana najua yatakuwa yaleyale.

Gari gani? Gari lolote zima, barabara ni lami safi mwanzo mpaka mwisho. Kagua rejeta, breki, na tairi la spea liwe na upepo, usiniambie lipo, nenda kaliangalie.

Mafuta? Jaza kila sheli unayoiona. Kutoka Austin mpaka Fallon ni kama maili 110, kutoka Eureka mpaka Ely 77, usicheze na taa ya njano. Maji weka ndani ya gari, madumu, hata kama hamnywi. Ramani ya karatasi mwenye nayo aje nayo, simu itakufa netiweki.

Usiku? Usiendeshe usiku. Kule ng'ombe hawana uzio sehemu nyingi, ng'ombe mweusi kwenye lami nyeusi, na sheria ya Nevada kwenye malisho ya wazi, ukimgonga kwa kawaida wewe ndiye unamlipa mwenye ng'ombe. Mkisikia hivyo mnapunguza spidi wenyewe.

Mtu mweusi atakuwa salama? Hili mnaniuliza pembeni, wacha nilijibu mbele. Tulikodolewa macho mahali pawili patatu, sitawadanganya. Mzee mmoja Eureka alitukazia macho mpaka nikaanza kutafuta funguo mfukoni, kumbe alitaka kujua Tanzania tunafuga ng'ombe wa aina gani, akakaa na mama mkwe nusu saa wanazungumza ng'ombe, mke wangu anatafsiri. Nendeni mchana, laleni mjini, na asiye raia abebe kadi yake halisi, sio picha ya kwenye simu, sheria inataka hivyo kwa mtu mzima.

Lini? Septemba mwishoni. Joto limepungua, theluji haijafunga njia ya mlimani, na mbegu za pinyon zimeiva. Kwenye ardhi ya serikali kuu kule Nevada unaruhusiwa kuokota mpaka pauni 25 za kula nyumbani, ila kwanza uliza vizuri, kuna maeneo Washoshone bado wanakwenda kuvuna na familia zao, hayo muwaachie.

Tunaondoka magari matatu, yangu ina nafasi mbili. Majina yaandikwe kwa katibu pale mlangoni, na mwenye dumu la lita 20 asilolitumia aje nalo. Mama mkwe ameshapiga simu kutoka Kondoa kuuliza nani atakaa kwenye kiti chake.

Asanteni sana.